Nilivyojifunza Kuinama Upya

Kiuno kilinikamata kwenye kijito tunachooshea karoti, chini ya shamba letu, upande wa Magamba. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa saba, maji yana baridi ya kuuma vidole. Nilikuwa nimeinama tangu kupambazuke, na gari la mzigo lilishafika barabarani. Nikaona wanaume wa kupakia wanachelewa. Nikashika kiroba kilichojaa, nikakivuta na kugeuka nacho kwa mpigo mmoja. Sikuanguka. Nilibaki nimekunja mgongo, mikono magotini, siwezi kwenda juu wala chini.

Mume wangu na jirani mmoja walinipandisha nyumbani wamenishika makwapani. Ni njia ya dakika kumi, lakini siku ile ilituchukua zaidi ya saa nzima.

Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, aliamua mambo palepale. Nilale. Nisiguse jembe wala ndoo, nisikanyage hata jikoni. Alinikanda kwa kitambaa cha maji ya moto, akanifunga kanga kiunoni, akawa ananiletea uji kitandani. Kabla ya hapo mimi na yeye hatukuwa watu wa maongezi. Yeye aliona ninafanya kazi kwa pupa, mimi niliona ananitafutia makosa. Upole wa mikono yake ulinishangaza.

Hata hivyo siku zilipita na mimi nikazidi kukakamaa. Siku ya tisa nilishindwa kuvaa viatu mwenyewe, nikakaa ukingoni mwa kitanda nikalia. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili.

Tukashuka hospitali, Lushoto mjini. Daktari aliniuliza kama miguu inakufa ganzi, kama haja inanishinda kuizuia, kama nina homa au nimepungua mwili. Vyote havikuwepo. Akaninyanyua mguu mmoja mmoja, akanigonga magoti, akasema haoni jambo la kutisha, ni misuli imeshtuka. Akanielekeza chumba cha mazoezi ya viungo. Humo nilimkuta mtaalamu wake, binti wa Tanga mjini, amevaa hijabu ya bluu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Tangu umeumia umekuwa ukifanya nini?"

"Nimelala."

"Siku zote tisa?" Hakunicheka. "Siku moja mbili si mbaya, mama. Ila sasa kitanda ndicho kinachokukakamaza. Kesho uanze kutembea, kidogo kidogo, uongeze kila siku."

"Inauma."

"Itauma, lakini haitakuvunja. Ukiona maumivu yanashuka mguuni, au mguu unalegea, rudi siku hiyohiyo."

Alinilaza kwenye mkeka akanifundisha kukunja magoti na kunyanyua nyonga taratibu, kisha kupiga magoti kama mtu anayepiga deki, kunyoosha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili. Nilitetemeka kama mwanambuzi. Nilipomuuliza dawa, akasema, "Ndiyo hii tunayofanya."

Nyumbani mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyo binti amewahi kulima?"

Kesho yake nikatoka kutembea.

Maumivu niliyavumilia. Kilichonishinda ni macho ya watu. Kwetu mwanamke mzima haonekani barabarani asubuhi mikono mitupu. Wa kwanza kukutana naye alinisalimia, akaniuliza ninakwenda wapi.

"Natembea."

"Unatembea kwenda wapi?"

"Natembea tu."

Siku ya tatu nikasikia inasemwa sokoni kwamba nimemwachia mume karoti, nazunguka kama mtalii. Nikaanza kubeba ndoo tupu, nionekane ninafuata kitu. Mama mkwe aliniona nikirudi nayo.

"Hiyo ndoo ya nini?"

Nikamweleza. Asubuhi iliyofuata nilimkuta mlangoni, amejitanda kitenge, amevaa mabuti yake ya mpira.

"Iache hapo," alisema. "Wakiuliza, nitajibu mimi."

Na kweli alijibu. Kila aliyetuuliza alimwambia, "Tunatengeneza kiuno chake. Chako kikoje?" Mama mmoja alisimama, akashika mgongo wake, akasema cha kwake kinamsumbua tangu mtoto wa tatu. Juma lililofuata akatufuata. Baadaye tukawa watano.

Siku moja tukiwa wawili tu, tumepumzika penye kona ambapo msitu unaanza, mama mkwe alisema bila kunitazama, "Mimi kiliniuma miaka miwili, mume wangu akiwa hai. Nilibeba kuni hivyohivyo. Hakuna aliyeniambia nilale hata siku moja."

Ndipo nikaelewa kwa nini alinilaza. Alikuwa ananipa kile alichokikosa yeye. Nilimshika mkono tukashuka mteremko pole pole, na tangu siku ile ninamwita mama bila kujilazimisha.

Niliporudi hospitali, yule binti aliweka ndoo ya maji sakafuni akasema, "Inyanyue kama unavyonyanyua nyumbani." Nikainama, miguu imenyooka. Akanisimamisha kabla sijaigusa. Nisogee karibu, nikunje magoti, niukumbatie mzigo kama mtoto, miguu ndiyo inyanyue. Nikitaka kugeuka, nigeuze miguu, nisijipinde kiuno. Aliniuliza pia urefu wa mpini wa jembe langu.

Fundi mbao wa Magamba alinichongea mpini mrefu. Mume wangu alisema hilo ni jembe la kuchimbia barabara. Alilishika siku moja la kwake lilipokatika, na jioni hakulirudisha. Ilibidi nimchongeshee mpini wake. Bila kuombwa, akaunga mabanzi akanitengenezea meza ya kuoshea karoti nimesimama. Viroba tukaanza kuvijaza nusu.

Sijapona kwa namna ya kusahau. Wakati wa kupanda viazi nilijisahau, nikainama mchana kutwa, na kesho yake kiuno kikakamata tena. Niliogopa sana. Lakini sikurudi kitandani. Nilijikanda kwa maji ya moto, nikatembea mpaka getini na kurudi, nikafanya yale ya mkeka kadiri nilivyoweza. Siku ya nne nilikuwa shambani, na ile hofu haijanirudia kwa ukubwa ule.

Sasa tunatandika mikeka miwili. Mama mkwe hunyanyua nyonga kidogo tu na kudai amemaliza kumi, nami simbishii. Juzi aliniambia anataka kwenda kanisani kwa miguu Jumapili, kilima chote, badala ya kupanda bodaboda. Nimemwambia tutaondoka mapema, tupumzike kila atakapotaka.