Kashata na Khanga ya Asumini

Harufu ya khanga mpya, ile ya wanga na rangi kabla nguo haijaonja maji, wenzangu wote huipenda. Huifungua doti dukani, wakazamisha pua humo, wakafurahi. Mimi hugeuza uso. Nina wajukuu sasa, na bado harufu ile hunipandisha joto masikioni. Najiona nimechuchumaa uani kwetu Mtwara, povu mpaka viwikoni, na wanawake wanne wamesimama mlangoni wananitazama.

Nianze na simbilisi, maana bila yeye nisingefika hapo. Baba alikuwa karani wa bandarini, amehamishwa kutoka Njombe, na katika mizigo yetu mama alipakia tenga lenye simbilisi watatu, kwa sababu alisema jiko lisilo na sauti zao ni jiko la wafu. Kama hujawahi kumwona, ni mnyama mdogo mnene, mwenye manyoya, masikio kama maua yaliyonyauka. Kwetu hukaa jikoni, hula maganda na majani, hulala karibu na mafiga, na mwisho wao, mtanisamehe, ni chunguni. Huyu wa tatu nilimwokoa kwa kumpa jina, maana niligundua mapema kwamba mama hawezi kuchinja kitu chenye jina. Nilimwita Kashata, kwa ule weupe wake wenye mabaka ya kahawia.

Watoto wa mtaani hawakumpenda. "Wa bara hao wanafuga panya," walisema, na nikipita waliziba pua. Asumini, binti wa nyumba ya jirani, ndiye pekee aliyevuka uzio. Alinizidi umri, lakini hakujali. Alijua kumkuna Kashata chini ya kidevu mpaka akaguna kwa raha. Sikuwa na rafiki mwingine, nisiwafiche. Siku asipokuja nilizungumza na mafiga.

Katikati ya mwaka Asumini akaingizwa unyago. Nikamwuliza mama kama nami naweza kwenda. "Hayo yana wenyewe," akanijibu, na hakutaka swali la pili. Basi nikabaki uzioni kusikiliza ngoma. Nyimbo nilizikariri zote bila kuelewa hata moja, kwa kuwa nusu zilikuwa za Kimakonde, na nusu zilikuwa za Kiswahili ambacho mwalimu wetu hakutufundisha. Nilichojua ni kile alichojua kila mtoto: siku ya kutoka, mwali huogeshwa, hufutwa, hupakwa mafuta na kuvikwa khanga mpya.

Na khanga mpya miaka ile hukuingia tu dukani ukachagua. Balozi wa nyumba kumi alitangaza kuwa zimefika, watu wakapanga foleni kwenye duka la ushirika tangu alfajiri, na uliyopewa ndiyo uliyoipenda. Mama Asumini alipata doti moja, nyekundu yenye pindo jeupe. Nyumba yake ilikuwa imejaa jamaa kutoka Mpapura, kwa hiyo aliileta kwetu.

"Nihifadhie, Mama Tuma. Kwangu hata sindano haina pa kulala."

Mama akaiweka juu ya sanduku la nguo, kisha akaninyooshea kidole. Nami nilielewa vizuri kabisa.

Siku moja kabla ya Asumini kutoka, mama alikwenda kwao kusaidia kupepeta mchele. Nikabaki na Kashata. Nikaona kwamba kama Asumini anatoka, naye Kashata atoke. Haikunijia kabisa kwamba ni dhihaka. Nilitaka tu sherehe ambayo hata mimi naruhusiwa kuwamo.

Nikajaza karai maji ya mtungi, baridi, na kusi likivuma uani, nikamsugua kwa kipande cha sabuni ya mche kuanzia puani mpaka makalioni. Kwanza alipiga kelele. Kisha akanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikonitisha. Manyoya yalimgandama, akawa nusu ya Kashata niliyemjua, anatetemeka mpaka meno yanagongana. Simbilisi hasuguliwi hivyo. Akichafuka sana anapewa maji ya vuguvugu kidogo, kichwa hakiloweshwi, na anakaushwa papo hapo. Mama alikuwa na msemo wake, "Simbilisi kuoga kwake ni moto wa jikoni." Niliukumbuka wakati tayari nimeshachelewa.

Nikakimbilia ndani kutafuta cha kumfutia. Matambara yalikuwapo, sitadanganya. Lakini matambara hayavikwi mwali.

Aliyewahi kujifutia khanga mpya anajua kwamba wanga haunyonyi maji. Nilimfuta kwa khanga ya Asumini, maji yakateleza. Nikasugua kwa nguvu. Rangi nyekundu ikaanza kuchuja, ikaingia kwenye pindo jeupe, ikaingia kwenye manyoya, Kashata akageuka rangi ya waridi. Kwa hofu yake akaacha na vijidonge vyake vya kinyesi humo humo. Nami, ili nimtulize, nikamwimbia. Nilichagua wimbo ule uliokuwa unapigiwa vigelegele vingi kuliko yote, nikauimba kwa sauti.

Walikuwa wameshafika mlangoni: Mama Asumini, makungwi wawili waliofuata khanga, na mama yangu nyuma yao. Niliimba ubeti mzima kabla ya kuwaona.

"Wimbo huo hauimbwi nchana, ntoto we," alisema kungwi mkubwa. "Tena hauimbiwi panya."

Wakaangua kicheko, yeye na mwenzake. Ningechapwa ningesahau, lakini kicheko kile sijakisahau. Mama hakucheka. Alivua khanga yake kuukuu ya mabegani, iliyofuliwa mpaka ikalainika, akamkausha Kashata kwa kumbonyezabonyeza, bila kusugua. Akampeleka jikoni, akapima joto la moto kwa kiganja chake, akamketisha pale ambapo kiganja kilistahimili. Kisha akarudi uani, akaiokota ile khanga.

"Mama Asumini, sina uso wa kukutazama."

Sikuwahi kumsikia mama akizungumza kwa sauti ndogo namna ile, na ni mimi niliyeipunguza. Mama Asumini aliigeuza khanga huku na huku.

"Ni ntoto," akasema. "Tutaifua, doa tutalikunjia ndani." Lakini akaondoka bila kuaga.

Kesho yake Asumini alitoka. Nilijibanza uzioni nikamwona, anang'aa kwa mafuta, kichwa ameinamisha, katikati ya wanawake wanaoimba. Doa walilikunjia ndani kweli, ila kusi lilipeperusha pindo, kila mtu akaliona. Sikujua nifanye nini, nikamwinua Kashata juu ya uzio, mzima, mkavu, wa waridi, ili angalau Asumini ajue yuko hai. Asumini alitupa jicho. Mkono wake ukaanza kuinuka kutujia, kisha ukashuka, naye akainamisha uso tena. Nikajua amenichukia.

Tangu siku hiyo nilimkimbia. Nikisikia sauti yake kisimani, nilirudi na ndoo tupu. Asubuhi moja alikuja uzioni mwenyewe. "Hodi! Kashata hajambo?" Nilikuwa jikoni, Kashata mapajani.

"Tuma, mwenzio huyu!" mama aliniita.

Sikuitika. Nilimziba Kashata mdomo asije akalia. Asumini aliniita kwa jina, akangoja, halafu nikasikia kandambili zake zikienda zake. Korosho hazijaanza kuokotwa, akaolewa Madimba. Sikumwona tena.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelezwa, na mwanamke wa huko huko, kwamba mwali akitoka hainui macho, wala hawanyooshei mkono watoto, kwa kuwa ameshaambiwa hao si wenzake tena. Kumbe ule mkono ulioinuka ulikuwa umevunja amri. Na pale uzioni alikuwa ameivunja tena, peke yake, mchana kweupe. Mimi nilidhani amekuja kunisuta kwa ajili ya khanga. Alikuwa amekuja kucheza, kwa sababu hakubakiwa na mahali pengine pa kuwa mtoto, nami nilikuwa nimemziba simbilisi mdomo ili asijue kwamba nipo.