Valerian wa Mwakani

Pale Weston, huko ughaibuni, kwenye jengo la matofali mekundu linalotazama mto Humber, kila aliyemfahamu Valerian alijua kwamba anaondoka mwakani. Alianza kuondoka mwaka uleule alionunua fleti yake, akaendelea kuondoka miaka kumi na sita mfululizo. Ndiyo maana Festus, jirani yake Mkenya wa mlango wa pili, alimbatiza jina: Valerian wa Mwakani.

Kazi yake ni kutengeneza vitanda vya hospitali. Kitanda kikigoma kuinuka upande wa kichwani, au kikilia kama mbuzi kila mgonjwa anapogeuka, anaitwa yeye. Akirudi nyumbani huvua viatu, kisha huitazama picha iliyobandikwa kwenye friji: nyumba yake ya kijijini kwao, Rombo. Kuta nzuri za tofali zimefika kwenye lenta juu ya madirisha, paa ni mawingu matupu. Migomba imeanza kuchungulia sebuleni.

Fleti aliipata kwa bei ya chini, na sababu ilikuwa moja tu. Kuta zilikuwa zake, ardhi ilikuwa ya chama kimoja cha zamani kilichoikodisha kwa miaka maalumu. Miaka ikiisha, fleti inarudi kwa chama. Siku anainunua ilikuwa imebaki miaka thelathini na saba.

"Inatutosha na chenji inabaki," alimwambia mkewe, Benedicta. "Mwakani tunaezeka, mwaka unaofuata tunarudi."

Sasa imebaki ishirini na moja, na barua imekuja. Chama kinakubali kuongeza miaka hamsini kwa kila atakayelipa na kusaini kabla Ijumaa haijaisha. Baada ya hapo bei inapanda. Pesa Valerian alikuwa nazo, ila zilikuwa pesa za bati.

"Kaka, mbao nimeshaziagiza kwa mdomo," alisema Zephania, mdogo wake, kwenye simu kutoka Rombo. "Tuma hela tupaue kabla ya masika. Watu wananiuliza kama tunajenga nyumba au zizi."

"Waambie ni zizi la kisasa."

"Nimewaambia. Wanauliza ng'ombe anakuja lini."

Valerian alicheka, lakini kicheko hakikudumu. Alichukua kalamu akaanza kupiga hesabu mezani, mbele ya binti yake Elinaza, wa darasa la kumi na mbili. Umri wake hamsini na tisa, ongeza ishirini na moja, themanini. Hiyo hamsini ya juu yake ataifanyia nini?

"Mimi nitakuwa na thelathini na nane," Elinaza alisema. Kwa kawaida ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Safari hii aliyatafuta maneno moja moja. "Na mama? Tunamwacha na nani?"

Benedicta alifariki mwaka ule wa korona, ndege zilipofungwa. Kwao Valerian mtu huzikwa kihambani, penye migomba ya baba zake, lakini hapakuwa na njia ya kumpeleka. Wakamzika hapa, watu kumi tu, Festus akiimba peke yake kwa kuwa kwaya ilikatazwa. Valerian alijiambia ni kwa muda tu, mwakani atamhamisha. Tangu hapo kila Jumapili hupanda basi kwenda kulifuta jiwe la kaburi lake vumbi au theluji.

Alhamisi alikutana na Festus kwenye lifti, akamweleza kwamba anafikiria kuiacha ile barua, aezeke na kurudi kwao.

"Haya, enda," Festus alisema. "Lakini niambie, jiwe la Mama Elinaza atafuta nani? Mimi, na hii mgongo yangu?"

Lifti ilifika chini, mlango ukafunguka, ukajifunga tena nao wakiwa bado ndani.

Ijumaa alisaini. Mwanasheria alimwonyesha kwa kidole mwaka ambao mkataba mpya unaishia: 2097. Valerian aliusoma mara mbili. Elinaza atakuwa na themanini na nane, bibi anayelalamikia magoti, na bado atakuwa na mlango wa kufungua hapa, karibu na mama yake. Alijaribu kuwaza kitanda cha hospitali cha mwaka huo kitakuwa kinaharibika wapi, akashindwa.

Kesho yake asubuhi alimpigia Zephania, akamwambia yote. Upande wa pili walisikika kuku tu.

"Kwa hiyo nyumba tunaiacha hivihivi?"

"Ezeka chumba kimoja. Kile kinachotazama mlima. Pesa zilizobaki zinatosha."

"Kimoja? Cha nani, Kaka?"

"Cha mgeni."

"Mgeni gani tena?"

"Mimi."

Zephania alisikika akiwafukuza kuku, kisha akarudi kwenye simu.

"Basi, mgeni," alisema, "nitumie vipimo vya kitanda. Usije ukalala sebuleni na migomba."