Muuza Barafu Haambiwi Karibu

Friji ya zamani haiwaki kimyakimya. Umeme ukirudi, kwanza inashtuka, halafu inakohoa kama mzee aliyekatishwa usingizi, ndipo inaanza kuunguruma. Juzi nilikuwa dukani hapa Kilosa mjini, nimefuata sabuni na kiberiti, umeme ukarudi, na friji ya pale dukani ikakohoa. Jamani, nilisahau nilichofuata. Muuza duka akaniuliza mara mbili, "Dada, nikusaidie nini?" na mimi nimesimama tu, niko Mikumi kwenye chumba chetu cha mbele, na mikono ya watoto wa watu inaingia dirishani.

Nilikuwa na miaka tisa hivi. Baba alikuwa amefariki, na mimi na mama tulikuwa tumeshuka kutoka kijijini kwetu Berega kutafuta maisha. Mama akapata kazi ya kugawa chakula kwenye mgahawa mmoja wa barabarani, pale yanaposimama mabasi ya Mbeya na Songea ili abiria wachimbe dawa vichakani na kula chapuchapu. Aliingia mchana, akarudi jua limeshazama. Nikitoka shule nilikuta ameshaondoka, chakula kimefunikwa, na amri zake nazijua kwa moyo: "Tabitha, ukiingia piga komeo. Usitoke, barabara ina malori. Usimfungulie mtu, hata awe askofu." Nilikuwa nawaza sana huyo askofu atakuja kufuata nini kwetu.

Friji mama aliitoa kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa inaitupa. Ilikuwa imeliwa na kutu, na mlango wake ulishikwa na mpira wa baiskeli. Akaisukuma mpaka chini ya dirisha la mbele, akaipangusa, akasema, "Tutauza barafu." Tangu hapo, kila alfajiri nyumba yetu ilinuka ukwaju uliolowekwa na ubuyu unaochemka na sukari. Mama alimimina kwenye vifuko vya nailoni, mimi nilifunga vifundo. Vidole vyangu vilikuwa vyekundu siku zote, mpaka mwalimu wa usafi akanichoka.

Na Mikumi kwa joto, usiniulize. Saa nane mchana bati linalia lenyewe. Basi saa hizo ndipo walipokuja.

Watoto wa mtaa wetu walikuwa na namna yao ya kununua, na mimi niliisoma yote kutoka upande wa ndani. Kwanza sarafu inagongwa kwenye nondo za dirisha, ngo, ngo, ngo. Halafu inakuja kesi. Ya ukwaju ipo? Imeganda? Hebu tuione. Nikifungua mlango wa friji, wanabandika nyuso kwenye nondo waipate ile baridi ya bure, wamefumba macho. Hiyo hapana, nyingine. Hiyo ndogo. Hiyo ina maji tu, mama yako kasahau sukari. Mtu mwenye sarafu moja anachagua kama ananunua ng'ombe mnadani. Na akishaipata haili papo hapo, haraka ya nini? Anaiweka shingoni, anaiweka kwenye paji la uso, anaizungusha mikononi, ndipo anang'ata pembe ya nailoni na kuvuta. Nilikuwa nasikia ule mvuto, fyoo, na mwili wangu unasisimka.

Halafu ndiyo ilianza sehemu niliyokuwa naisubiri mchana kutwa. Wale wasio na sarafu wanamzunguka mwenye barafu. "Nilambishe! Nilambishe kidogo tu, usiwe mchoyo!" Naye anajivuta, anaringa, mwisho anawalambisha, barafu moja inapita ndimi tano sita. Sijui Mungu aliwalindaje na kipindupindu. Wanasukumana, wanacheka, wanaoneshana ndimi nyekundu, wanaondoka wote kwa pamoja kuelekea uwanjani. Mimi nabaki na friji.

Sasa nikueleze kitu, wewe uliyekulia mahali pengine. Kwetu Berega mtu akiwa anakula, ukampita, anasema "Karibu." Hata kama ni kipande cha muhogo kilichobaki mwishomwisho. Na wewe unasema asante, nimeshiba, hata kama tumbo linaunguruma. Au unanyoosha mkono. Lakini ile karibu lazima itoke. Bila hiyo ni kama hukuonekana, umepita kama upepo. Nilipokuwa mdogo niliambiwa karibu mpaka nikachoka.

Mikumi, kwenye dirisha langu, hakuna aliyeniambia. Na wala hawakuwa watoto wabaya. Nani atamlambisha barafu mwenye friji nzima? Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, ndivyo walivyoniona: mimi ndiye niliyeshiba. Hata jina hawakunipa. Nilikuwa "We Barafu." "We Barafu, ya ubuyu ipo?" Shuleni vilevile, "Barafu, kesho mtakuwa na ya maziwa?" Nikadhani nikijibu vizuri wataniuliza na kitu kingine.

Nikajaribu mbinu. Siku moja nilichukua barafu yangu, nikaing'ata pale pale dirishani mbele yao, nikasema kwa sauti, "Karibuni." Nilitaka tu wanirudishie, waseme na wewe karibu. Wee! Mikono yote iliingia dirishani kwa mpigo. "Asante, Barafu! Nipe na mimi! Mimi ya ukwaju!" Nikatoa, nikatoa, wakaondoka wanaimba. Jioni mama alifungua friji, akahesabu vifuko vilivyobaki. Hakunigombeza. Akasema tu, "Mfinyanzi hulia gaeni, mwanangu," nami sikujua mfinyanzi ni nani wala gae ni nini.

Kilichobadilisha mambo ni mvua. Mchana mmoja radi ilipiga, tukasikia mlio mkubwa kwenye nguzo, na transfoma ya mtaa wetu ikafuka moshi. Mama aliporudi akasema hakuna namna, mali imeharibika, kesho igawe kabla haijachacha. Basi kesho yake walikuja na vikombe, na makopo, na mmoja na sufuria. Nilimimina ukwaju na ubuyu na embe vilivyochanganyika. Dirisha lilijaa mpaka giza likaingia chumbani. Siku ile nilikuwa malkia, nakwambia.

Kesho kutwa yake hakuja mtu.

Nilitoka shule, nikapiga komeo, nikala ugali wangu wa baridi, nikakaa dirishani. Nilikaa tu. Upande wa pili wa barabara kulikuwa na mama mmoja aliyekaanga mihogo, na wale wateja wangu wote walikuwa wamehamia kwake. Upepo uliniletea harufu ya mafuta na pilipili ya kusaga. Niliwaona wanavunjiana vipande, nikasikia, "Nimegee! Nimegee na mimi!" Hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Nilijua kila mkono pale, wenye kovu, wenye kucha ndefu, wenye bangili ya uzi, na hiyo mikono haikunijua mimi hata kidogo. Niliumia. Sina neno lingine la kusema, niliumia sana. Siku zikapita, transfoma haikuletwa, na mimi nikawa nakwenda dirishani kila mchana kama mtu aliyeajiriwa.

Ndipo akaja Kulwa.

Tulikuwa darasa moja. Wazazi wake walikuwa wafugaji waliotoka Usukuma, wanakaa pembeni kabisa ya mji, na yeye alikuwa anakuja na kundi dirishani lakini hajawahi kununua. Alikuwa wa kulambishwa, tena wa mwisho. Mchana huo alikuja peke yake, akasimama.

"Barafu hakuna," nikamwahi.

"Najua."

"Umeme bado."

"Najua," akasema, na hakuondoka. Alikuwa anatafuna. Mkononi alikuwa na kitambaa, ndani yake michembe, vile viazi vitamu wanavyovikata na kuvianika juani, halafu wanavipika na karanga. Akatoa kipande, akakipitisha kati ya nondo.

"Karibu," akasema.

Nilikitazama kile kipande. Sikuwahi kuona mkono unaingia kwenye dirisha lile na kitu cha kunipa zaidi ya sarafu. Nikamuuliza, "Shilingi ngapi?"

Kulwa akanikodolea macho. Halafu alicheka, alicheka mpaka akapaliwa, akajipiga kifua. "We naye! Nani kakwambia nauza? Kula!"

Nikala. Kilikuwa kigumu, kitamu kwa mbali, kina moshi wa kuni. Na machozi yakanitoka, sikufichi, yakaingia mdomoni pamoja na karanga. Kulwa akajifanya anaangalia malori.

"Unaitwa nani?" akaniuliza baadaye.

"Barafu."

"Hilo jina la kitu. La kwako?"

"Tabitha."

Akalirudia jina langu taratibu kwa Kisukuma chake, akaliongezea irabu mahali ambapo sikuwahi kuisikia. Likanipendeza.

Akawa anakuja kila mchana. Aliniomba nimfungulie, nikamwambia mama amekataza hata askofu, akasema basi hakuna taabu, tutakula hapahapa. Yeye nje amekalia tofali, mimi ndani nimekalia friji iliyozimika, nondo katikati. Mimi nilitoa ugali wangu na mchicha, yeye michembe, au mahindi ya kuchoma. Kila mmoja alimwambia mwenzake karibu kabla ya kila tonge, hata tulipokuwa tumeshakaribishana zamani. Tulikuwa tunalifanyia mchezo. "Karibu." "Asante, karibu na wewe." "Asante, karibu tena." Ningeweza kuishi hivyo mpaka uzee. Nilikuwa naomba kabla ya kulala, kwa Kikaguru ili Mungu wa Berega anisikie vizuri, kwamba transfoma isije.

Ikaja. Mchana, Kulwa yuko kwenye tofali lake, friji ikashtuka chini yangu, ikakohoa, ikaunguruma. Mtaa mzima ukapiga kelele, "Umerudiii!" Kina mama wakapiga vigelegele, redio zikafunguka zote kwa mara moja. Mimi nikaanza kulia. Kulwa akasema, "Unalia nini, mjinga wewe, umeme umerudi!" Alikuwa anacheka. Nadhani yeye hakujua bado.

Kesho yake nondo ziligongwa tena, ngo, ngo, ngo. We Barafu, imeganda? Hebu tuione. Kulwa alikuja na kitambaa chake, akakuta migongo. Alisimama nyuma kidogo. Nilimwona juu ya vichwa vyao, na mimi mikono imejaa sarafu na vifuko, huyu anadai chenji, yule anakataa ndogo. Nilipomaliza nikainua macho, tofali lilikuwa tupu. Alijaribu tena siku nyingine mbili tatu, ikawa vilevile. Shuleni tulikaa pamoja, tukacheka kidogo, lakini muda mfupi baadaye nafasi yake kwenye dawati ilibaki wazi. Mwalimu alisema wamehama na ng'ombe wao, wamefuata malisho. Hakuna aliyejua wapi. Nikarudi nyumbani, nikapiga komeo, nikauza barafu mpaka jioni, na niliendelea kuuza mpaka namaliza darasa la saba.

Kwa muda mrefu nilimkasirikia mama kwa ajili ya friji ile. Sikumwambia, mtoto hamwambii mzazi mambo hayo, lakini lilikuwa moyoni. Nilisema mama alinifanya mtumwa wa dukani, alinifungia ndani nimlindie kutu yake.

Mama siku hizi amerudi Berega, miguu imechoka. Mwaka huu nilikwenda kumsalimia, tukakaa uani tunapukuchua mahindi. Nikatupia neno kama utani: "Mama, shikamoo yako kwa ile friji. Bila shaka ilitulipa."

"Itulipe nini?" akasema. "Ile ilikuwa hasara tupu. Umeme ulikula yote, na sukari juu. Wenzangu kazini walikuwa wananicheka."

"Sasa ulikuwa unaing'ang'ania ya nini?"

Aliniangalia kama ameshangaa kwamba simjui. "Ningekuacha na nani? Baba yako hayupo, bibi yako huku. Nilikuwa nagawa wali kwa abiria, nakufikiria wewe na zile kuta. Nikajisemea, mtoto ni mtoto, akisikia kuna barafu atakuja. Kukiwa na barafu, mwanangu hatakosa wenzake."

Miaka yote nilidhani nimewekwa pale kuilinda friji, kumbe friji ndiyo iliyowekwa kunilinda mimi. Na mama, mtu mzima na akili zake, alikuwa amenunua kwa jasho lake kitu kile kile nilichokuwa nakililia, isipokuwa hakujua kwamba kinaishia kwenye nondo. Angejuaje? Hakuwahi kuwepo saa nane mchana.

Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya ungo.

"Walikuwa wanakuja lakini, eti?" akaniuliza. "Wale watoto?"

Nilimtazama mama yangu, nywele zote zimekuwa nyeupe.

"Walikuwa wanakuja, mama," nikamwambia. "Dirisha lilikuwa linajaa."

Akashusha pumzi. "Nilijua tu," akasema, akachukua gunzi lingine.