Hi, Shi na Nyegere

Kiingereza nilikisoma miaka minne ya sekondari, kikanitoka chote isipokuwa kitu kimoja: kuchanganya hi ya mwanaume na shi ya mwanamke. Mwalimu aliwahi kunisimamisha mbele ya darasa nieleze familia yetu. Nikasema baba yangu, shi ni mkulima, na mama yangu, hi anauza maandazi. Darasa zima hoi. Jamani, kosa langu liko wapi? Sisi kwetu mtu ni "a" tu. Anakuja, anakula, amenuna. Awe mwanaume, awe mwanamke, utamjua akifika.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa maiki na shemeji yangu. Shemeji ana kibanda umiza hapa Kakese: mabenchi, luninga moja kubwa na spika mbili zinazokoroma. Siku nyingine zote ni mpira na filamu za kupigana, ila Jumamosi mchana ni ya watoto na katuni. Katuni zinaongea Kiingereza, watoto hawakijui, kwa hiyo lazima mtu akae pembeni atafsiri. "Shem, si wewe umesoma?" akaniambia. Nikavimba kichwa, nikakubali hata hajamaliza kusema.

Katuni iliyotuvuruga ilikuwa ya nyegere. Nyegere anaiba asali, anamzaba simba kofi, anatumbukia mtoni na kutoka anacheka. Nilimpenda kupita kiasi! Nikampa sauti nene yenye mikwaruzo, nikijua namwiga mjomba wangu, mrina asali wa Ugalla, ambaye akikohoa tu mbwa wanakaa chini. Watoto walipiga kelele mpaka mabati yakatetema. Na mimi, nisiwe mnafiki, kila Jumamosi nilirudi nyumbani kichwa kikubwa.

Jumapili moja, tumetoka kanisani, binti yangu wa miaka minane akaingia jikoni analia kwa kwikwi. Uani wenzake walikuwa wanacheza nyegere.

"Wamenikatalia kuwa nyegere," akasema. "Wanasema nyegere ni mwanaume. Wamenipa niwe mzinga."

"Mzinga?"

"Nasimama tu, mama. Wao wanakuja kuniibia asali."

Nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka mwiko ukanidondoka. Yeye hakucheka. Akanishika kanga. "Mama, wewe ndo unamtafsiri. Nyegere ni wa kike au wa kiume?"

"Mimi huwa nasema 'akaruka'."

"Akaruka nani?"

Nikainama kuokota mwiko. Wiki sita namsemea mtu, sijui ni nani.

Jumatatu asubuhi nikaenda kwa shemeji, nikamwomba aiwashe ile katuni, nikatega sikio kwa kitu kimoja tu. Shi. Shi. Kila mahali shi! Hata simba, akishika shavu lake, analalamika shi kampiga. Nikajipiga paji la uso. Mwanamke mzima, nimezaa, nimesikia shi wiki sita nikaipa sauti ya mjomba! Wala hakuna aliyenilazimisha. Nilimwona mtu jasiri, nikaenda moja kwa moja kumtafutia koo la mwanaume. Hilo liliniuma, nasema ukweli.

Nilipomweleza, binti yangu akanipa sharti. "Jumamosi uwaambie. Usipowaambia, mimi sichezi tena." Na kweli, wiki nzima alikaa kizingitini akiwatazama wenzake wakirukaruka. Nilimpikia mpaka viazi vitamu anavyovipenda, hakuondoka pale.

Shemeji akaingiwa na hofu. "Shem, usiniharibie. Ukibadilisha sauti, hawa watoto watanivunjia benchi."

"Sauti sibadilishi," nikamwambia. "Naongeza neno."

Jumamosi kibanda kikafurika. Nyegere akatokea juu ya kilima, nikavuta pumzi, nikasema kwa sauti ileile: "Mimi hapa, mama nyegere, mwanamke wa shoka!"

Ikawa vurugu.

"Uongo!"

"Mwanamke gani ana sauti ile?"

Mvulana mmoja, yule yule aliyekuwa anagawa nafasi kwenye mchezo wa uani, akapanda juu ya benchi. Wenzake wakamfuata, benchi likaanza kulia, shemeji akashika kichwa kwa mikono miwili. Binti yangu alikuwa mstari wa mbele, ananikodolea macho.

Hapo hasira zikanipanda. Nikaiacha maiki, nikasimama.

"Nyie! Shukeni kwenye hilo benchi kabla sijawafikia!"

Wakakaa wote, hata shemeji akakaa. Ilitoka sauti ileile ya nyegere, na wala sikuwa naigiza. Ile ndiyo sauti ninayofukuzia mbuzi kwenye mahindi kila siku iendayo kwa Mungu, na sikuwahi kuisikia mpaka dakika ile. Mjomba wangu masikini, nilikuwa namsingizia tu! Yule mvulana akanitazama, akatazama luninga, akanitazama tena.

"Eh," akamwambia mwenzake taratibu. "Kumbe kweli wa kike."

Kibanda kikaangua kicheko. Nilicheka mpaka nikashindwa kutafsiri, nyegere akamaliza kuvuka mto kwa Kiingereza chake mwenyewe na hakuna aliyelalamika.

Kesho yake nilikuwa naanika nguo uani. Yule mvulana alikuwa amesimama wima, mikono kaibana mbavuni, katulia kabisa. Yeye ndo mzinga. Binti yangu alikuwa juu ya rundo la matofali, kajifunga kanga yangu kiunoni, kidevu juu. Nikasubiri angurume, amzabe mtu kofi, aseme mimi hapa mwanamke wa shoka.

Akakunja uso, akatoa sauti nene kutoka tumboni: "Nyie! Nani kaacha sufuria langu wazi?"

Maneno hayo hayamo kwenye katuni. Yanatoka jikoni kwangu.