Picha ya Matuta

Waliosema subira huvuta heri hawakuwahi kusubiri gari la sinema kwetu Malindi, si ile ya pwani. Lilipanda milimani mara moja kwa mwaka, kiangazi, barabara ikiwa imekauka, na kila mara mwenye kipaza sauti alitangaza kwamba amekuja na picha mpya. Giza likiingia tulijifunika mablanketi, maana kiangazi chetu ni cha baridi na ukungu, tukakaa kwenye nyasi za uwanja wa shule kuingoja hiyo mpya. Shuka jeupe walilotundika linawaka, kumbe ni ng'ombe anaogeshwa.

Wenzangu walifurahi, mimi nilinuna. Nilikuwa nimeishi Tanga kwa shangazi nikijifunza ushonaji, na huko niliziona picha zenyewe, watu wanapendana, wanagombana, wanaimba, mpaka unatoka nje macho yamevimba. Kwetu tuliletewa choo cha shimo na mbolea ya samadi. Tena wote walioonekana kwenye shuka walikuwa kama mabubu. Aliyeongea ni bwana mmoja asiyeonekana, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi, anawasemea wote mwanzo hadi mwisho. Huyo bwana nilimchukia kuliko ng'ombe.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa nimerudi nyumbani kabisa, kwa sababu mama alifariki masika. Hatukuwa na picha yake hata moja. Baba tangu tuzike alikuwa anashinda jikoni kwenye kigoda cha mama, hasemi na mtu, ukimwuliza chakula anatikisa kichwa. Gari lilipofika nilimvuta twende, si kwa ajili ya sinema, bali ili tu atoke mle jikoni.

"Picha mpya kabisa," kipaza sauti kilitangaza. "Faida za matuta!"

Watu waliguna. Hilo neno matuta kwetu halikuwa neno la kuchezea. Wazee waligombana na mkoloni kwa ajili yake, wakakataa kuyalima, na sasa serikali yetu wenyewe ilikuwa inatuletea yale yale. Mzee mmoja nyuma yetu alisema, "Uhuru tumepata, lakini matuta bado yanatufuata." Watu walicheka. Mimi nilisema afadhali ng'ombe, nikainuka niende zangu.

Nilipogeuka kumshika baba mkono niliona kinywa chake kiko wazi. Nikatazama alikotazama. Kwenye shuka alikuwa mama.

Alikuwa kwenye shamba letu la mteremkoni, na jembe lake, na kile kitenge alichozoea kujifunga kichwani, naye ni mkubwa kuliko mlango wa shule. Wapiga picha walikuwa wamepita wakati wa vuli, mimi nikiwa Tanga, na hakuna aliyekumbuka kuniambia. Mama alinyoosha mgongo, akashika kiuno, akatutazama, akaanza kuja upande wetu.

"Shikamoo, mama," nilisema.

Ilitoka yenyewe, kwa sauti, maana kwetu mama hakujii ukakaa kimya. Watoto waliokaa mbele, waliolelewa hivyo hivyo, wakafuata wote kwa pamoja: "Shikamoo!" Hakuna aliyecheka. Mama akafungua kinywa, nami nikangoja anipe marahaba yangu.

"Mkulima wa kisasa," alisema yule bwana wa pasi, "huulinda udongo wake."

Midomo ya mama ilikuwa inakwenda, mkono ameuinua, anasema maneno mengi, na yule bwana anayafunika yote kwa udongo wake. Sijawahi kushtuka na kukasirika kwa pamoja namna ile. Halafu mama akatoweka, wakatokea watu wengine wanaopima mteremko kwa kamba.

Nilikwenda kwa mwenye mashine. "Kaka, irudishe."

"Dada, ngoja kwanza iishe."

"Yule ni mama yangu. Tumemzika masika."

Alinitazama, akaizima mashine. Alipomaliza kuirudisha nyuma nilimwomba amnyamazishe na yule anayeongea. Akasema sauti ndiyo mafunzo yenyewe. Nikamwambia mafunzo tumeyasikia. Akafunga sauti.

Mama akaja tena. Safari hii uwanja mzima ulikuwa kimya, hata watoto, inasikika mashine tu. Aliinua mkono, midomo ikaanza kwenda, nasi tukashindwa kuelewa. Jirani yetu alisema labda anaaga. Mwingine akasema anatubariki, na akina mama wakaanza kulia. Mimi nilimkodolea macho mpaka yakauma, na sikupata neno hata moja. Kuwa na mama mbele yako, anasema, na usimsikie, ni adhabu ambayo simwombei mtu.

Ndipo baba aliposimama, blanketi likamwanguka. Alisema kwa Kishambaa chetu, kwa ile sauti yake ya zamani ambayo sikuwa nimeisikia tangu mazishini.

"Haagi mtu. Anamfukuza mpiga picha. Anamwambia atoke, asimkanyagie maharage yake."

Uwanja mzima ulicheka, na waliokuwa wanalia wakacheka na machozi yao. Kwenye shuka walikuwa wamerudi watu wa kamba. Baba hakucheka. Alipita katikati ya watoto mpaka kwenye mashine, akamgusa yule kijana begani.

"Irudishe, mwanangu," alisema. "Bado hajamaliza kumsema."