King'ora cha Zizini Werugha

Tryphena Wakio alijifunza ufundi wa redio katika karakana ya shamba la mkonge alikoajiriwa kufagia. Fundi wa pale alikuwa ameanza kutetemeka mikono, akawa anamwita amshikie waya huku yeye akilehemu. Baada ya miezi michache Tryphena ndiye aliyelehemu, na fundi ndiye aliyeshika. Leo ana miaka arobaini na saba na kibanda chake mwenyewe karibu na soko la Voi. Kimejaa redio zilizokufa, na hatupi hata moja, maana ndizo zinazompa spika na transista za kutengenezea ving'ora.

Ving'ora alivianza baada ya kuibiwa. Wezi walivunja kufuli wakabeba redio nane za wateja, na kumweleza kila mteja uso kwa uso kulimtesa kuliko hasara yenyewe. Wiki hiyo alichora mchoro nyuma ya kalenda: betri ya pikipiki, spika, transista chache, na vibati viwili vya shaba pale mlangoni. Mlango ukifunguliwa, vibati vinagusana, umeme unapita, na king'ora kinapanda na kushuka kama gari la wagonjwa. Siku ya kukijaribu, kuku wa jirani waliruka ua. Watu walicheka, kisha wakaanza kuagiza. Hata kabla mwaka haujaisha alikuwa amefunga saba pale mjini na kimoja kwenye duka la matunda kule Miasenyi.

Cha tisa kilipanda mlimani Werugha, kikafungwa kwenye lango la zizi la Mwalimu Susan, mstaafu anayeishi peke yake na ng'ombe wawili wa maziwa. Hicho ndicho kilichomtoa jasho.

Hata wiki haikuisha simu ikalia asubuhi. "Tryphena mwanangu, kitu chako kimelia tena," alisema Mwalimu Susan. "Leo ni mara ya tatu. Mwizi hakuna, ng'ombe wanagoma kutoa maziwa kwa hofu, na jirani yangu Titus ameapa kikilia tena atakuja na shoka akipasue."

"Nipe siku moja, Mwalimu. Nakuja."

Alipanda jioni hiyo hiyo, akalala kwa Mwalimu, na kulipopambazuka alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa kando ya zizi, amejifunika leso mbili. Ukungu ulikuwa mzito hata nyumba haikuonekana. Alikaza macho kwenye vile vibati. Tone la maji lilijikusanya juu, likateleza, likakaa katikati ya shaba na shaba. Hakuna mkono uliogusa lango. King'ora kikapasua asubuhi.

Tryphena alikizima, lakini Titus alikuwa ameshafika, buti zikiwa na matope.

"Mama, kumbe ni wewe unayetusumbua?"

"Samahani, baba. Ni ukungu. Nimeuona kwa macho yangu."

"Ukungu tunao hapa tangu enzi za babu zetu," Titus alisema, "na haujawahi kutupigia kelele."

Titus alipoondoka, Tryphena angeweza kufunika vibati kwa plastiki akateremka zake Voi. Lakini wazo lilimkaa kichwani: ikiwa tone la maji limeweza kukidanganya, mtu mwenye nia mbaya je? Alichukua koleo, akakata waya unaotoka langoni, kisha akalifungua lango lote.

Kimya. Ng'ombe walimtazama tu.

Mwizi yeyote mwenye mkasi angewatoa ng'ombe wale bila king'ora kutoa hata mguno. Na si hapa tu. Kule chini kulikuwa na milango minane ambayo wenyewe walilala wakiitegemea kazi ya mikono yake.

Siku nzima alikaa jikoni kwa Mwalimu Susan akaugeuza mchoro juu chini. Safari hii alizungusha waya mmoja mwembamba zizi zima. Maadamu waya ule ni mzima, ndio unaokinyamazisha king'ora. Ukikatwa, au lango likiuchomoa, hakuna tena wa kukinyamazisha. Viungo vyote alivifunika kwa nta ya mshumaa ili unyevu usipate pa kuingia. Aliukata waya mara tano, kikalia mara tano. Mwalimu Susan alisimama mlangoni ameziba masikio, akitikisa kichwa.

Tryphena aliporudi Voi hakuwa na raha. Kila asubuhi alibeba kikapu cha vifaa akaenda kwa mteja mmoja, akasema bila kuzunguka: "Nilikufungia kitu kibovu. Nimekuja kukirekebisha." Wengine walinuna, mmoja alimfokea mbele ya watu. Kila usiku aliomba wezi wasimtangulie.

Wa mwisho alikuwa Mwanaesha, mwenye duka la vitambaa. Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana. Tryphena alikuwa juu ya stuli akikaza skrubu ya mwisho simu ilipolia. Jina la Mwalimu Susan. Nyuma ya sauti yake, king'ora kililia kwa nguvu zote.

"Mungu wangu," Tryphena alisema. "Ukungu tena?"

"Ukungu gani saa hizi? Jua linawaka! Waya umekatwa, Tryphena. Umekatwa kwa koleo!"

Habari ilikuja vipande vipande, Mwalimu akitweta. Kijiji kizima kilikuwa mazishini bondeni. King'ora kilipoanza, waombolezaji walitazamana, na wengine wakaficha kicheko kwa leso. Titus hakucheka. Aliondoka mazishini kwa hasira, akapitia kwake kuchukua shoka, akaenda kutimiza kiapo chake. Alipozunguka kona ya zizi, alikuta wanaume wawili, mmoja anamfungua ng'ombe kamba. Nao walipomwona mtu anakuja mbio na shoka mkononi, hawakungoja maelezo. Walitimka kwenye matuta ya kabichi, wakaacha koleo na kiatu kimoja.

"Na ng'ombe?"

"Wote wawili wapo. Wanakula."

Tryphena alishuka stuli. Akaegemea ukuta.

"Keti, dada Tryphena, keti," Mwanaesha alimvutia robota la kitambaa. "Kuna msiba?"

"Hakuna," alisema, machozi yakimtoka huku anacheka. "Hakuna kilichoibiwa. Hakuna kabisa."

"Alhamdulillahi."

Kwenye simu sauti ilibadilika. Alikuwa Titus, akipiga kelele ili asikike.

"Mama fundi! Sasa hiki kitu kinazimwaje? Mwalimu ameacha ufunguo wa swichi kwenye mkoba, mkoba uko mazishini!"

"Shoka liko wapi?"

"Nimeliweka chini, mama!"

"Basi liache hapo hapo. Fungua kisanduku kilicho juu ya pipa la maji. Ndani kuna betri. Chomoa waya mwekundu, taratibu."

Alisikia mlango wa kisanduku, kisha mkwaruzo. King'ora kilikatika katikati ya kupanda. Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa, kisha ndani yake Tryphena akasikia ng'ombe mmoja akivuta pumzi ndefu, na watu waliotoka mazishini wakifika mmoja mmoja, wakiulizana kulikoni.