Kofia ya Wilondja

Wilondja, fundi cherehani wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, alikuwa mtu wa kunyamaza, lakini Jumamosi ile furaha ilimzidi. Alikwenda mjini, Old Town, pamoja na binti yake Fortunée kununua kitambaa cha suti, kwa kuwa wiki iliyofuata angemsindikiza kanisani kuolewa.

"Papa, hii kofia utaiacha nyumbani," Fortunée alimtania. "Imezeeka kukupita."

"We, niachie kofia yangu. Hii njo rafiki yangu."

Walipotoka dukani, kijana mmoja wa kizungu, mkoba mgongoni, alikuwa akija upande wao. Wilondja hakufikiri. Miguu yenyewe ilishuka barazani mpaka kwenye vumbi, mkono ukavua kofia, macho yakatazama chini. Akasimama hivyo, kofia mbele ya tumbo, akingoja mkubwa apite.

Kijana alisita. Aliona mtu mzima, akaona kofia iko wazi. Akatia noti ndani yake.

"Zikomo, bwana," Wilondja akashukuru.

Mkongo mwenzao aliyeuza mikanda pale aliangua kicheko. "Eh, papa, umepata kazi ya rahisi! Kesho mi naleta kofia mbili!"

Fortunée hakucheka. "Papa, sasa unaombaomba?"

"Hapana, binti yangu." Akavaa kofia, akatangulia kwenda kituoni.

Kwenye basi dogo la kurudi alimsimulia, kwa sauti ya chini. Babu yake, huko kwao Fizi, enzi za Wabelgiji, alikuwa ameshika kikapu cha pamba kwa mikono miwili alipokutana na mzungu msimamizi wa pamba. Hakuweza kuvua kofia. Walimlaza palepale barabarani wakamchapa fimbo ya ngozi ya kiboko, mtoto wake akitazama. Mtoto yule ndiye aliyekuja kuwa baba yake Wilondja. Naye alimfundisha Wilondja kutoka njiani na kuvua kofia kabla hajajua kuhesabu. Wabelgiji walikuwa wameondoka zamani. Kijijini hapakuwa na mzungu hata mmoja, kwa hiyo baba mwenyewe alijifanya mzungu, akapita na kupita tena, mpaka mtoto akazoea.

"Bakubwa bangu ba kazi batakuja kwa ndoa," Fortunée alisema. "Ni bazungu. Utatoka njiani, uniache mi peke yangu?"

Wilondja alitazama kofia magotini.

Siku ya ndoa aliiacha nyumbani. Walipokaribia mlango wa kanisa, wameshikana mikono, wazungu wawili walikuja mbele yao. Uso wa Wilondja ukawaka moto. Mkono wa kulia ulipanda wenyewe kichwani, ukakuta nywele tu. Mguu mmoja ukaanza kurudi nyuma.

Fortunée aliuona. Akambana mkono wa kushoto ubavuni mwake.

"Simama, papa," alinong'ona. "Bao bapite pembeni."

Akasimama. Jasho lilimtiririka ndani ya suti mpya na hakuweza kuinua macho, lakini aliona viatu vya wale wageni vikizunguka, vikapita kwenye majani.